Kipushi: «Nimeteguka tu», neno linaloharibu mikono ya wafanyakazi

Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki kati ya Lubumbashi na Kipushi, kitu cha kwanza anachofanya, bila hata kufikiri, ni kunyoosha mkono ili asigonge uso. Uzito wote wa mwili unaishia kwenye kiganja. Hapo kinachovunjika ni kifundo cha mkono, au mtulinga, au bega linatoka mahali pake.

Katika mji huu wa madini, karibu kilomita 30 kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, mkono ndio unaolisha nyumba. Mgodi mkubwa wa zinki, uliosimama mwaka 1993, ulianza tena kuzalisha mwaka 2024. Lakini si kila mtu ana kazi mgodini. Kuna wanaoishi kwa nyundo na chepeo, kwa baiskeli zenye mifuko ya makala, kwa unga unaobebwa begani.

Hatari kubwa iko katika kifundo cha mkono. Kinavimba, lakini vidole bado vinacheza, basi mtu anasema: «Nimeteguka tu.» Anakandwa kwa maji ya moto na chumvi, kesho yake anarudi kazini. Kumbe vidole kucheza si ushahidi kwamba mfupa ni mzima.

Kuna kijifupa kimoja kidogo, chini ya kidole gumba, ambacho kinawadanganya hata waganga. Mtu akiinua kidole gumba, kunatokea kishimo kidogo pembeni ya kifundo. Ikiwa kugusa pale kunauma sana baada ya kuanguka, kijifupa hicho huenda kimepasuka, hata kama picha ya kwanza ya radio haionyeshi kitu. Ndiyo maana daktari anafunga mkono na kuomba picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Damu inakifikia kwa njia nyembamba. Kisipotulizwa kinaweza kufa, na kifundo kinabaki kigumu na chenye maumivu kwa miaka.

Bega nalo ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani: linageuka kila upande, kwa hiyo linatoka kwa urahisi. Likitoka, umbo lake la mviringo linapotea na mgonjwa anaushika mkono wake kwa mkono mwingine. Watu wa mtaani hukimbilia kulivuta. Tatizo ni kwamba mfupa unaweza kuwa umevunjika pia, na kuvuta kunaweza kuumiza mshipa wa fahamu unaopita karibu. Hospitalini huanza na radio, kisha dawa ya maumivu, ndipo linarudishwa polepole. Kijana anayerudi kubeba mizigo mapema mara nyingi huliona likitoka tena.

Si kila bega linaumizwa na ajali. Anayepiga nyundo au kubeba mifuko kila siku huchosha kano zinazozunguka kiungo. Anaanza kushindwa kuinua mkono ili avae shati, na usiku hawezi kulalia upande ule. Hapo dawa ni kupunguza mzigo na mazoezi mepesi. Kulifunga bega kwa miezi mingi kunalifanya ligande.

Baada ya kuanguka, pete na saa zitolewe kabla mkono haujavimba, mkono ufungwe kwa kitenge shingoni, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Wanaounga mifupa vijijini wana mikono yenye ujuzi, hilo haliwezi kukataliwa, lakini hawaoni ndani, na vijiti vilivyokazwa sana vinaweza kukata damu. Plasta ya hospitali pia inaweza kubana. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mgonjwa arudi hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.