Akili Inavyokisaka Kitenzi Kikuu cha Kiingereza

Soma sentensi hii mara moja, bila kurudi nyuma: "The donkey walked past the market collapsed." Wengi hukwama kwenye neno la mwisho. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari: punda alitembea, akalipita soko. Ghafla linatokea "collapsed", na halina pa kukaa. Sentensi yenyewe haina kosa. Mtu fulani alimswaga punda kupita sokoni, na punda huyo akaanguka. Kitenzi kikuu ni "collapsed". "Walked" inatueleza tu ni punda yupi.

Sentensi za muundo huu zilipata umaarufu mwaka 1970, Thomas Bever, mtaalamu wa saikolojia ya lugha wa Marekani, alipochapisha mfano wake wa farasi aliyekimbizwa kupita ghala. Bever alieleza kwamba msikilizaji hangoji sentensi iishe ndipo aipange. Akikuta nomino inayofuatwa na neno lenye sura ya kitenzi, anaamua papo hapo: huyu ndiye mtenda, na hili ndilo tendo lake. Mara nyingi anapatia, na pasipo wepesi huo tusingeweza kufuata mazungumzo ya kasi. Siku akikosea, sentensi nzima humvunjikia mkononi.

Kiswahili hakimtegi msomaji hivyo. Katika "Punda aliyepitishwa sokoni alianguka", kirejeshi -ye- kinatangaza mapema kwamba kitenzi cha kwanza ni tegemezi, na -w- inaongeza kwamba punda alitendwa. Kitenzi kikuu tunakisubiri kwa utulivu. Kiingereza kinaruhusu kirejeshi kidondoshwe, nacho kikishadondoka inabaki "walked", umbo lile lile kwa aliyetenda na kwa aliyetendwa.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi takriban mwaka 1100, "alipenda" ilikuwa lufode, na "aliyependwa" ilikuwa gelufod. Mwisho wa neno ulitofautiana, na ge- ilisimama mbele kama alama. Karne zilizofuata zilimomonyoa miisho hiyo, ge- ikatoweka, na maumbo yote mawili yakaangukia kwenye -ed. Baadhi ya vitenzi vilinusurika, ndiyo maana "The donkey driven past the market collapsed" inasomeka bila kikwazo: "driven" peke yake haiwezi kuwa kitenzi kikuu. Wanafunzi wetu hukariri "drive, drove, driven" kwa sauti moja darasani, na mara chache huambiwa faida ya safu ile ya tatu. Wanastahili kuambiwa. Safu hiyo ni masalia ya alama ambazo zamani zilimwonyesha msomaji kitenzi kipi ni kipi.

Mkwamo huu hupimika maabara. Jicho la msomaji hutua kwa takriban robo sekunde, kisha huruka mbele. Mwaka 1982 Lyn Frazier na Keith Rayner walifuatilia macho ya watu waliosoma sentensi zenye mitego, wakaona jicho likikawia kwenye neno linalofichua kosa, na mara nyingi likirudi nyuma mahali ambapo uamuzi mbaya ulifanyika. Miaka kumi baadaye Lee Osterhout na Phillip Holcomb walipima umeme wa ubongo. Takriban milisekunde 600 baada ya neno kama hilo, lilijitokeza wimbi ambalo halikuonekana kwa namna hiyo kwenye sentensi nyoofu.

Akili haitazami umbo tu. Inapima pia maana. John Trueswell na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba "examined" ikija baada ya neno "mshtakiwa", msomaji wa Kiingereza hudhani mshtakiwa ndiye aliyechunguza kitu, kisha akababaika. Ikija baada ya "ushahidi", hababaiki sana, maana ushahidi hauna macho ya kuchunguza chochote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni matokeo ya Kiel Christianson na wenzake ya mwaka 2001. Waliwapa watu sentensi za kutatanisha za aina nyingine, kisha wakawauliza maswali. Majibu yalionyesha kwamba sehemu ya mwisho wameielewa ipasavyo, lakini wengi waliendelea kuamini pia maana ya kwanza, ile ambayo sentensi haiiruhusu. Mtahiniwa anaweza kukipata kitenzi kikuu na bado akabeba maana potofu hadi kwenye karatasi ya majibu.

Kumwambia mwanafunzi kwamba kitenzi ni neno la kutenda hakumsaidii hapa, kwa sababu "walked" nayo ni tendo. Afanye hivi: aigeuze sentensi iwe swali. "Did the donkey walked past the market collapse?" Kati ya vitenzi viwili, kimoja tu kimebadilika umbo, na hicho ndicho kikuu. Kama kitenzi kikuu ni "is" au "was", au kina kitenzi kisaidizi, basi hicho ndicho kitakachohamia mbele.

Watoto wanaokua wakizungumza Kiingereza hulijua hili kabla ya kujua kusoma. Mwaka 1987 Stephen Crain na Mineharu Nakayama waliwapa watoto wa miaka mitatu hadi mitano sentensi zenye "is" mbili, moja ndani ya kishazi tegemezi, wakawaomba wamuulize mwanasesere swali. Watoto walikosea kwa namna mbalimbali, lakini hakuna aliyeichomoa "is" ya kishazi tegemezi na kuipeleka mbele.

Jaribu kwenye sentensi ya aina wanayokutana nayo wanafunzi wa kemia: "The samples taken from wells dug near the old factory contained lead." Vitenzi ni vitatu. Ukiuliza kwa "did", "taken" na "dug" havitikisiki. "Contained" inageuka kuwa "contain". Habari yenyewe, basi, ni kwamba sampuli zina risasi, ile metali yenye sumu. Visima na kiwanda vinatueleza zilikotoka.