Toka Kanairo Kabla Mvua Ikubambe

Cheki State House Road mwezi wa kumi ukianza. Lami haionekani. Maua ya jakaranda yameanguka usiku mzima, yamejaa kwa paa za magari, kwa mitaro, hadi kwa kofia ya soja wa geti. Macomrade wanakanyaga hiyo zambarau wakikimbilia class, na kando kuna chali amesimamisha manzi katikati ya rodi anampiga picha, nganya nyuma yao inapiga honi kama imelipwa. Hiyo ndiyo rada yenyewe. Ile baridi ya Julai na Agosti, yenye ilikulaza na soksi na hudi, imeishia. Mvua ya vuli nayo bado inajipanga. Mwisho wa Oktoba ama Novemba itashuka na hasira zake zote. Hapo katikati ndio kuna wiki chache za jua tamu na hewa safi, na msee akizimaliza akiwa kwa keja na simu, mi sina la kumwambia.

Wasee wengi wa Kanairo wana plan moja tu: Disemba. Unajinyima mwaka mzima ndio uende Coasto siku nne, unapata fare imepanda, rooms zimejaa, na Januari unarudi umesota hadi unakopa ya sukuma. Coasto siikatai. Lakini hizi safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni zina utamu wake, na hii ndio season yake. Huhitaji room, huhitaji kuomba bosi ruhusa, huhitaji gari ya mtu. Unahitaji tu kuamka.

Na hapo kwa kuamka ndio rende nyingi hufia. Grupu ya WhatsApp imejaa "niko ndani" na "mi siwezi kosa", alafu Jumamosi saa moja asubuhi mko watatu stage na wengine simu zimezima. Zoea mapema kwamba watu kumi na wawili wa grupu ni watu watano wa mathree. Panga na hao watano.

Kama uko chini kabisa kidoo, anzia Arboretum. Kutoka tao unatembea kwa miguu, na kiingilio ni kidogo. Ilianzishwa 1907, wakati reli ilikuwa inakula kuni vibaya na wakoloni walitaka kujaribu miti ya kutoka nje wajue gani inakua haraka huku. Jakaranda yenyewe ni mgeni, ilitoka Amerika Kusini, na ina tabia ya ajabu: kiangazi inaangusha majani, alafu inamwaga maua kabla majani mapya hayajarudi. Ndio maana Oktoba unaona mti mzima ni zambarau tupu, kijani ni ya kutafuta. Beba leso ya kukalia na kitu ya kudishi, lakini ukifungua krisps fungua ukiangalia juu. Tumbili wa hapo hawaombi.

Karura pia usiipite, sana sana tarehe 10 Oktoba. Zamani hiyo ilikuwa Moi Day, sahii ni Mazingira Day, na sioni pahali pa kuiadhimisha kushinda huo msitu. Una zaidi ya hekta 1,000, umelindwa kisheria tangu 1932, na bado miaka ya tisini ulikuwa karibu kugawanywa plot za majumba ya wakubwa. Wangari Maathai na wenzake ndio walikataa. Januari 1999 walienda kupanda miti hapo wakavamiwa na magoons, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Miaka mitano baadaye alikuwa anapokea Nobel. Sahii wewe unakodi baiskeli hapo, unashuka hadi kwa maporomoko, unaingia kwa yale mapango yenye wazee wanasema Mau Mau walijificha. Ukitupa chupa kwa hiyo njia, aki, tutakosana.

Sasa tutoke Nai.

Ngong ndio darasa la kwanza. Panda mathree za 111 tao, shuka Ngong, boda ikupandishe hadi geti ya msitu, ama upande na miguu kama magoti yako bado ni mapya. Kilele kinafika karibu mita 2,460, na upepo wa huko hauna heshima kwa mtu. Ndio maana ile mitambo mirefu ya stima iko hapo. Ya kwanza ilisimamishwa 1993, na sahii yote pamoja ina uwezo wa megawati 25.5. Ukisimama chini ya moja unasikia mabawa yakikata hewa, unajihisi kadogo sana.

Wengi huishia hapo. Wanapiga picha na mitambo, wanakula mahindi choma, wanarudi mtaa kusema wamehike Ngong. Wacha za ovyo. Ngong yenyewe ni ule mgongo wote: unapanda, unashuka, unapanda tena, kilomita kumi na kitu hadi Kona Baridi. Kushoto unaona Kanairo yote, na unashangaa hizo kelele zote zinatoka kwa kaeneo kama hako. Kulia ardhi inaanguka tu, pwaa, hadi chini kwa Bonde la Ufa, na kwa vile mvua haijagusa, kule chini kote ni rangi ya chai ya maziwa. Wamaasai wana stori ya jitu lililojikwaa kwa Kilimanjaro likaanguka, likashikilia udongo, na hivyo vilele ni alama za vidole vyake. Ukifika kilele cha tatu utaamini hilo jitu halikujikwaa. Lilichoka.

Ishu ya usalama tusifichane. Kumekuwa na kesi za wasee kupokonywa masimu huko mbele, penye mitambo imeisha. Kwa geti unaweza kulipia ranger mtembee naye, na mkigawana gharama watu watano ama sita hata hamtasikia uchungu. Mwite afande, mpatie maji, na usimwache nyuma juu unataka kuonyesha manzi una pumzi. Huyo afande hupanda hapo kila wiki. Wewe mara ya mwisho kupanda kitu ilikuwa ngazi za Ambassadeur, hata hizo ulisimama katikati.

Mkishuka Kona Baridi, tafuteni gari ya Kiserian. Hapo ndio dishi. Agizeni mbuzi kabla ya kukaa, si baada, juu nyama ya kuchoma haijui kuharakishwa, na mtu ametembea kilomita kumi na kitu hana subira ya saa nzima. Ugali, kachumbari, pilipili kando. Alafu mnapanda 126 za kurudi tao kupitia Rongai, na kama makanga ameweka ngoma vile huwekwa kwa hiyo laini, mtafika mkiwa na sherehe bila kulipia klabu.

Lakini mi nikiambiwa nichague moja tu kwa hii season, ni Hell's Gate, Naivasha. Haina mpinzani.

Kwa mbuga nyingi za Kenya ukishuka kwa gari ranger anakuruka na matusi. Hapa unaingia na baiskeli. Unapita pundamilia kwa umbali wa kurushiana stori, twiga anakucheki kutoka juu, ngiri wanakimbia mkia juu (hao wa porini, za kwa mfuko zilibaki getini). Mbuga ilifunguliwa 1984, ni kilomita za mraba 68, kwa hivyo haitishi, na sehemu kubwa ya rodi ya kwenda ni tambarare ama mteremko. Kurudi ndio hesabu inabadilika. Kuna ule mwamba umesimama pekee yake karibu na geti, Fischer's Tower, umepewa jina la Mjerumani aliyepita hapo 1883. Wasee huupanda na kamba. Pimbi huupanda bila kamba, na wanakuangalia na dharau.

Kufika: tao panda mathree ya Naivasha asubuhi sana. Kama inapitia Mai Mahiu, kaa dirisha la upande wa bonde, na ucheki ka-kanisa kadogo kando ya rodi kwa mteremko. Kalijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, hao hao walioichonga hiyo rodi. Naivasha shika gari ya South Lake Road, mwambie makanga akushushe junction ya Hell's Gate. Baiskeli ziko hapo hapo, na hapa usikuwe na haraka. Panda, zunguka, finya breki zote mbili, badilisha gia. Kikalio nacho kikague vizuri kuliko vitu vyote, juu hicho ndicho kitakukumbusha hii safari Jumatatu ukiwa kwa kiti ya ofisi. Bei ongeeni kwanza, picha baadaye.

Mwisho wa rodi kuna korongo, Ol Njorowa. Kuta zimechongwa na maji hadi zikawa na mawimbi, kuna maji moto yanatiririka kwa ukuta, na pahali pengine unapita upande upande. Ni noma, kwa maana zote mbili. Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali, juu yako jua linawaka, na mafuriko yakukute ndani. Watu wamekufa hapo, 2012 na tena 2019. Kwa hivyo ingia na guide wa pale, na kama ranger amesema leo hakuna korongo, basi hakuna korongo, hata kama uliahidi mafans wako video. Hii ndio sababu kubwa mi nasema Hell's Gate iende mapema kwa season, kabla mawingu yaanze kukusanyika kila saa tisa. Ukiona mvuke mweupe ukipanda nyuma ya vilima usidhani ni moto. Hiyo ni Olkaria, penye stima inatolewa kwa joto la ardhi tangu 1981. Hiyo simu unacharji kwa keja, kiasi yake imetoka chini ya hayo mawe.

Kuna maposter ya trip huko mtandaoni yanakuambia Longonot na Hell's Gate siku moja. Usikubali. Longonot ni mlima wa kujitegemea, mita 2,776, na kuzunguka mdomo wa kreta peke yake ni kilomita 7.2, bado hujahesabu kupanda na kushuka. Oktoba vumbi lake linaingia hadi kwa meno, na juu hakuna mtu anakuuzia maji. Anza saa moja na nusu asubuhi, beba lita tatu, na hiyo siku usiipangie kitu kingine.

Magadi na Olorgesailie ni za rende yenye imekodi gari, juu mathree huko ni za kungoja na maombi. Olorgesailie iko njiani: shoka za mawe za watu wa kale, nyingi zimeachwa vile zilipatikana na akina Leakey miaka ya arobaini, unaziangalia ukiwa kwa daraja la mbao. Mbele yake kuna ziwa la magadi, waridi na nyeupe, flamingo, na joto la kukufanya umkumbuke Mungu. Ni kali kwa picha. Mi huko sirudi Oktoba, lakini wenye wanapenda jua wataniona mshamba.

Fourteen Falls ya Thika iacheni kwanza. Kiangazi kikiwa kimekausha Athi, mnaenda kuangalia mawe na kunusa mto. Hiyo ni ya baada ya mvua.

Vitu vidogo vidogo vyenye hukwamisha watu: mbuga za KWS hazishiki keshi, unalipa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo akaunti yako iwe inafanya kabla ufike getini penye netiwaki ni ya bahati. Beba kipande, ndio ulipe bei ya mwananchi. Ndula nyeupe ziache nyumbani, hata kama luku inadai. Beba jaketi hata jua likiwa limewaka, juu Ngong, na Kimende kwa ile rodi ya juu ya Naivasha, zinaweza kukugeuka alasiri. Tarehe 20, Mashujaa, kila mtu na shangazi yake wako kwa rodi na fare inaenda na mood ya makanga, kwa hivyo Jumamosi ya kabla yake ni afadhali. Na mkirudi kutoka Naivasha na gari yenu kwa rodi ya juu, simameni Soko Mjinga. Mnunulie mathe kabichi na karoti. Mtu akifika na gunia la waru saa mbili usiku haulizwi alikuwa wapi.

La mwisho ni doo. Msiwahi kusema tutalipana tukifika. Achaguliwe mtu mmoja, yule asiye na huruma, na zitumwe kwake kufikia Alhamisi. Ijumaa jioni mwenye hajatuma anatolewa kwa grupu bila mkutano, na kiti chake kinapewa yule binamu wa mtu mwenye amekuwa akiomba kukam tangu Agosti.