Boila ya korosho: mkono wa fundi au kidhibiti cha umeme?

KIBITI. Anayefikiria kubangua korosho hapa badala ya kuziuza ghafi huanza kwa kuulizia bei ya mashine za kukatia. Lakini korosho hupikwa kwanza kwa mvuke, na mvuke hutoka kwenye boila. Boila ikivuja msimu umekolea, Oktoba hadi Desemba, kiwanda husimama ila riba ya benki haisimami.

Sehemu ya kuangaliwa ni pale mabomba yanapoingia kwenye bamba lenye matundu. Bomba hutanuliwa kwa chombo chenye rola, kikizungushwa ndani yake mpaka chuma kikaze tunduni. Likitanuliwa kidogo, linavuja. Likizidishwa, linakuwa jembamba, tundu linapanuka na hata mabomba ya jirani hulegea.

Fundi mzoefu husikiliza mlio wa mota, huupima uzito mkononi na huangalia magamba ya kutu yakibanduka kuzunguka tundu. Kidhibiti cha umeme hukata mota nguvu ikifika kiwango kilichowekwa, kwa hiyo bomba la 80 hupata nguvu ileile ya bomba la kwanza. Mkono uliochoka hauwezi hilo.

Hata hivyo kidhibiti hakina macho. Rola zikikosa grisi, msuguano huongezeka, mota hukata mapema na kazi huonekana imekwisha kumbe bomba bado limelegea. Tundu lenye mkwaruzo nalo hakilijui. Fundi hulisafisha kabla ya kuanza.

Mwamuzi ni maikromita. Chukua bomba la chuma lenye kipenyo cha nje milimita 51 na unene wa milimita 3; ndani ni 45. Tundu likiwa 51.4, ongeza nafasi ya 0.4, kisha asilimia 7 ya unene wa kuta mbili, yaani 0.42. Kipenyo cha ndani kinachotakiwa ni 45.82. Mabomba machache ya mwanzo yapimwe hivyo, ndipo kidhibiti kiwekwe.

Kwa kiwanda kidogo, kununua kidhibiti kwa kazi ya mara moja baada ya miaka kadhaa ni kufunga mtaji bure. Afadhali kukodi fundi aliye nacho. Fedha inayobaki iende kwenye kutibu maji, hasa kisima kikiwa upande wa delta kwenye chumvi, maana maji mabaya hula hata bomba lililotanuliwa vizuri.

Malipo ya mwisho yangoje karatasi ya vipimo na jaribio la maji, kwa kawaida mara moja na nusu ya shinikizo la kazi.