Bustani ya Vuli Ipimwe kwa Ndoo za Maji

Msimu wa vuli unakaribia, na kaya nyingi wilayani Same zimekwisha kuanza kusafisha bustani zao. Wengi wangependa kuongeza matuta ili mboga zitoshe nyumbani na ziada ipelekwe gulioni. Azma hiyo ni njema, ila kuna hasara inayojirudia: bustani hupanuliwa mvua ikiwa inanyesha, kisha Januari jua linapowaka ndoo hazitoshi, na nyanya zilizokwisha kutoa maua hunyauka. Mbegu, samadi na jasho la familia hupotea pamoja nazo.

Kwa sababu hiyo, ukubwa wa bustani upangwe kwa maji yatakayopatikana Januari na Februari, si kwa nafasi iliyopo uani wala kwa mvua ya Novemba. Watumiaji wa ndiva hapa Upareni wanalijua jambo hili tangu enzi za mababu: maji yaliyokusanyika usiku ndiyo yanayoamua eneo litakalonyweshwa kesho yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji takriban lita 5 kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4, basi, humaliza ndoo moja ya lita 20. Kaya inayoweza kutenga ndoo tatu kila siku, baada ya kutoa maji ya kunywa, kupika na kuoga, iwe na matuta matatu. Anayetamani la nne atafute kwanza ndoo ya nne. Maji ya kusuuzia vyombo nayo yahesabiwe, mradi yasiwe na sabuni nyingi na yamwagwe shinani, si juu ya majani.

Chanzo kingine ni paa. Paa la bati lenye mita za mraba 40 likinyeshewa mvua ya milimita 10 hupokea lita 400. Hata baadhi yakipotea, ndoo 15 hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni chombo cha kuyahifadhia, na kwa maoni yetu fedha ya kununulia pipa lenye mfuniko ina manufaa zaidi kuliko fedha ya kununulia mbegu za tuta jipya.

Aina ya mboga nayo hutegemea hesabu hiyo. Nyanya hukaa kitaluni takriban mwezi mmoja, kisha huhitaji miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kuhamishwa. Mwenye kusia mbegu mwanzoni mwa Novemba atavuna mwishoni mwa Februari, wakati mvua imekwisha kukatika. Zipandwe chache, katika tuta lililo karibu na maji. Matuta ya nyongeza yawe ya mchicha, unaochumwa baada ya wiki tatu au nne, na kunde, ambazo majani yake huliwa mapema. Mvua ikikatika ghafla, tuta la namna hiyo hupumzishwa bila hasara kubwa.

Tuta lililokuwa na nyanya msimu uliopita lisipandwe tena nyanya, nyanya chungu, bilinganya wala pilipili. Mnavu pia ni wa jamii hiyohiyo, jambo ambalo wengi hawalitarajii, na magonjwa yaliyobaki udongoni huweza kuushambulia.

Samadi iandaliwe sasa, kwa kuwa mbichi huunguza miche. Rundo likigeuzwa na kutiwa maji kidogo huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Ndoo moja hutosha mita mbili za mraba. Wakazi wa tambarare watengeneze matuta ya mbonyeo, yanayokusanya maji, na kuyafunika kwa nyasi kavu. Milimani, ambako udongo hutuama maji, matuta ya kuinuka yanafaa zaidi.

Mche ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, usiongezewe maji, kwani huenda ni mnyauko unaosababishwa na bakteria. Ung'olewe pamoja na mizizi yake, ufungwe katika mfuko, na upelekwe kwa afisa ugani wa kata kabla miche ya jirani haijaambukizwa.