Jinja na Mbale: Kwa nini watunza takwimu za afya hurudi darasani mfumo unapobadilika?

Tarehe 1 Julai 2020, miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, ilipandishwa hadhi kuwa majiji na kutengwa na wilaya zenye majina hayohayo. Kwa mkazi wa kawaida, kituo cha afya alichokizoea kilibaki palepale. Kwa mtunza takwimu, kituo hicho kilipaswa kuhama: kutoka chini ya wilaya hadi chini ya jiji, ndani ya hifadhidata ya taifa ya afya.

Mabadiliko ya namna hiyo, pamoja na matoleo mapya ya programu yenyewe, ndiyo huwarudisha wataalamu darasani.

Mfumo huu ni upi?

Unaitwa DHIS2. Huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, hutumiwa bila ada ya leseni, na chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Uganda iliueneza nchini kote mwaka 2012. Kila mwezi, hesabu za wagonjwa, chanjo na uzazi kutoka madaftari ya vituo huingizwa humo, zikasomwa wilayani na wizarani Kampala.

Waendelezaji huhudumia matoleo matatu tu ya karibuni. Nchi inayong'ang'ania toleo la zamani hukosa marekebisho ya usalama. Inayohamia jipya hukuta kurasa za kuingizia takwimu na za michoro zimebadilika.

Kituo kikihama, historia nayo huhama

DHIS2 hujumlisha takwimu kwa kufuata mpangilio wa vituo uliopo sasa. Kituo kikihamishiwa jijini, hesabu zake za miaka iliyopita nazo huhesabiwa chini ya jiji. Hivyo mchoro wa malaria wa wilaya waweza kuonyesha wagonjwa wachache kuliko ripoti ya zamani iliyochapishwa, ilhali ugonjwa haukupungua.

Hatari kubwa zaidi imo katika asilimia. Tuseme wilaya ilikuwa na watoto 1,000 wanaostahili chanjo, na 900 wakachanjwa: asilimia 90. Vituo vilivyochanja watoto 400 kati ya hao vikihamishiwa jijini, wilaya hubaki na 500. Iwapo makadirio ya watoto 1,000 hayakugawanywa pia, mfumo utaonyesha asilimia 50, na wahudumu wataonekana wamezembea. Dozi na fedha hupangwa kwa takwimu kama hizo.

Sufuri si nafasi tupu

Sufuri humaanisha kituo kimetazama na hakikuona mgonjwa; nafasi tupu humaanisha hakuna taarifa. Hata hivyo, DHIS2 huhifadhi sufuri pale tu ambapo kipengele husika kimewekewa agizo hilo. Asiyelijua hilo aweza kudhani ukimya wa kituo ni dalili ya usalama, kumbe ripoti haikufika.

Kwa hiyo mafunzo yenye manufaa hayaishii kwenye vitufe. Mwanafunzi huchukua mwezi mmoja wa kabla ya mgawanyo, akajumlisha hesabu za jiji na wilaya, kisha akalinganisha na ripoti ya zamani ya wilaya. Jumla zikitofautiana, hurudi kwenye madaftari ya vituo kabla ya mtu yeyote kuamua chanjo ziende wapi.