Linux imejikunyata kwenye kidirisha? Usikimbilie kununua kioo kipya

NI saa nne usiku Shauri Moyo. Nyundo za jua kali ya Kamukunji zilinyamaza tangu jioni, stima ipo, nawe umeketi kitandani na kipakatalishi cha dadako mapajani. Jumatatu una mahojiano ya kazi, na umeambiwa mtihani utafanywa kwa Linux. Kufuta Windows huwezi, maana hesabu zote za kibanda chake cha mitumba pale Gikomba zimo humo. Basi ukafanya la busara: ukaweka VirtualBox, programu ya bure inayounda mashine pepe, yaani tarakilishi ndani ya tarakilishi, na humo ukapakia Xubuntu kwa kuwa ni nyepesi kuliko Ubuntu ya kawaida.

Imewaka, lakini kumbe! Picha imejibana katikati kama stempu kwenye bahasha, 800 kwa 600. Ukipanua dirisha, unachopata ni weusi pembeni. Madirisha mengine hata vitufe vya chini huvioni.

Kabla ya yote, kioo chako ni kizima. Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi nilishawahi kupeleka mashine kwa fundi mmoja katikati ya jiji, akaitazama dakika mbili na kunitajia bei ya kioo kipya. Ningekuwa na pesa siku hiyo ningelipa. Jipime mwenyewe: punguza dirisha la VirtualBox uitazame Windows. Ikiwa imejaa kioo chote vizuri, ugonjwa uko ndani ya mashine pepe, wala si kwenye kifaa.

Chanzo ni nini? Tuseme umemwendea fundi wa Kamukunji umwambie akutengenezee mfuniko, lakini sufuria umeiacha nyumbani na kipimo hukumpa. Atakukatia saizi ile ambayo haiwezi kumletea kesi. Linux iliyo ndani ya mashine pepe haioni kioo chako. Inazungumza na kadi ya picha ya kuigiza ambayo VirtualBox imeiundia, na isipopewa kipimo inachagua kidogo kilicho salama. Anayepeleka kipimo ni programu ndogo iitwayo Guest Additions. Kila ukivuta dirisha, ndiyo inayokimbia ndani kusema, "Sasa ni pana hivi." Bila hiyo, hakuna mjumbe.

Anza na mipangilio. Zima mashine pepe kabisa (kuifunga tu kwa kuihifadhi hakutoshi), ingia "Settings", kisha "Display". Penye "Graphics Controller" hakikisha ni VMSVGA, ndiyo inayofaa Linux. Utasikia wasee wengi wakikwambia upandishe "Video Memory" kutoka megabaiti 16 hadi 128 na mambo yataisha. Pandisha, haidhuru, lakini piga hesabu: picha ya 1366 kwa 768, ambayo ndiyo saizi ya vipakatalishi vingi vya mitumba, ina pikseli milioni moja na kidogo. Kila pikseli ikila baiti nne, hiyo ni kama megabaiti nne tu. Kwa hiyo mara nyingi kumbukumbu si mwizi.

Sasa washa, fungua dirisha la amri, uandike:

sudo apt update
sudo apt install virtualbox-guest-x11

Washa upya mashine pepe. Juu ya dirisha, kwenye "View", chagua "Auto-resize Guest Display". Vuta pembe ya dirisha. Picha ikifuata mkono wako, umemaliza, lala.

Ikikataa, kuna njia ya pili, na hapa angalia bando zako. Diski ya Guest Additions huhitaji kuipakua. Ilikuja pamoja na VirtualBox ya Windows. Kitakachokula data ni vifaa vya kuijenga, makumi ya megabaiti, kwa hivyo kama kuna Wi-Fi ya bure mahali, kaifanyie huko. Ondoa kwanza ile ya njia ya kwanza, maana ukichanganya hizi mbili zitagombana:

sudo apt remove virtualbox-guest-x11 virtualbox-guest-utils
sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Kisha kwenye menyu ya "Devices" chagua "Insert Guest Additions CD image", ifungue diski hiyo, fungua dirisha la amri humo humo, uandike sudo ./VBoxLinuxAdditions.run na uwashe upya. Soma inachokwambia. Ikilalamika kwamba imekosa vichwa vya keneli, ile sehemu ya linux-headers haikuingia sawasawa.

Na kama huna bando hata moja usiku huu? Shika Ctrl ya kulia pamoja na C. Picha itanyooshwa ijaze dirisha. Itakuwa na ukungu, ila itasomeka. Vitufe vilivyofichika chini utavifikia kwa kushikilia Alt huku ukivuta dirisha juu kwa kipanya. Unaweza pia kuilazimisha kwa xrandr: andika cvt 1366 768, nakili mstari unaotokea, umpe xrandr --newmode, halafu --addmode, halafu --output. Usishtuke ukiona 1368 badala ya 1366. Cvt hutaka upana unaogawanyika kwa nane. Jina la kioo litazame kwanza kwa kuandika xrandr peke yake, kwani kwingine ni Virtual1, kwingine Virtual-1. Ukizima, hayo yote yanapotea. Mimi siipendi njia hii, lakini imewahi kunivusha usiku.

Jambo moja zaidi, hasa kwa aliyetumia diski. Siku ya mahojiano usisasishe chochote asubuhi. Keneli mpya ikiingia, Guest Additions iliyojengwa kwa keneli ya zamani inaweza kukatika, na utajikuta tena kwenye 800 kwa 600 saa moja kabla ya mtihani. Ikitokea, andika sudo rcvboxadd setup, washa upya, na ukanywe chai inapojijenga.