Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo niliusikia tangu utotoni, lakini uzito wake niliupima mbali na nyumbani, katika msitu wa Kambodia, siku ambayo kazi iliyotupeleka huko ilikwisha nasi tukapata nafasi ya kuyazuru mahekalu ya kale ya Angkor.

Tuliondoka mjini Siem Reap alfajiri. Kulipopambazuka, minara ya Angkor Wat ilijitokeza ng'ambo ya handaki pana la maji. Hekalu hilo lilijengwa katika karne ya 12, zama za mfalme Suryavarman wa Pili. Mimi ni Mwislamu niliyelelewa chuoni, na ibada ya mahali pale si yangu. Lakini kazi ya mikono ya binadamu yastahili heshima popote ilipo.

Wakoloni wa Kifaransa walipenda kusimulia kwamba Angkor iligunduliwa na mwenzao, Henri Mouhot, mwaka 1860. Kumbe watawa wa Kibudha walikuwa wakiendelea kusali katika Angkor Wat muda wote huo. Yawezekanaje mgeni agundue nyumba ambayo wenyewe wamo ndani?

Adhuhuri tulifika Ta Prohm, hekalu la mfalme Jayavarman wa Saba, ambalo miti imelipanda hadi juu ya mapaa, na mizizi yake imezikumbatia kuta kana kwamba inazizuia zisianguke. Maandishi ya jiwe ya mwaka 1186 yaliorodhesha mali na wahudumu wa hekalu hilo: watu 79,365 kutoka vijiji 3,140. Sifa alipewa mfalme, lakini mchele ulitoka kwa wakulima, na mawe yalibebwa na wavuja jasho. Nyumba zao za miti zimeoza zamani. Idadi yao imebaki katika daftari lile la jiwe. Katika kuta za Bayon nako niliwaona wamechongwa: wanawake sokoni, wapishi jikoni, wanaume wakipiganisha majogoo.

Ndugu msomaji, urithi wa namna hiyo una maadui wengi. Mwaka 1923 kijana wa Kifaransa, André Malraux, alibandua sanamu katika hekalu la Banteay Srei akakamatwa nazo Phnom Penh. Baadaye mtu huyo huyo akawa waziri wa utamaduni wa Ufaransa! Lakini waliodhulumiwa wameendelea kudai, na mwaka 2023 makumbusho ya Metropolitan ya New York ilitangaza kuirudishia Kambodia sanamu 14.

Hata hivyo, kidole kinachomnyooshea mgeni hakina budi kutugeukia sisi wenyewe. Katika kijiji nilichozaliwa, pwani yetu, palikuwa na msikiti wa kale uliobomoka. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mimi na wenzangu tulibeba mawe yake tukajengea banda la mbuzi. Hakuna aliyetukemea, kwa kuwa hakuna aliyejua msikiti ule ni wa nani wala wa lini. Leo banda halipo, na mawe hayapo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Hayo yana daftari. Lakini makaburi na misikiti midogo ya vijijini itaandikwa na nani?

Kazi hiyo haihitaji kungoja wataalamu wa kigeni. Kila serikali ya kijiji ina kalamu, na kila kijiji kina wazee. Tuwaulize wangali hai, tuandike majina, tuweke mipaka, tuwaonyeshe watoto. Mimi nimekwisha kuanza kwa ule msikiti wetu, nikiandika kwanza mawe niliyoyaiba.